Chakula cha Saa Saba

Mtaa mzima uliujua mfuniko ule. Ulikuwa mfuniko wa sufuria kubwa, umebonyea upande mmoja kama kofia iliyokaliwa, na ukigongwa kwa mwiko ulitoa mlio wa kumwamsha hata aliyelala usingizi wa pono. Kila siku saa saba mchana mke wa mwokaji mikate alisimama kwenye mlango wa jikoni akaugonga mara tatu, na majirani wakajua bila kutazama saa kwamba mwokaji anaamshwa akale. Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliweka mkasi chini akaenda kula na yeye. Ndiye aliyempa mke wa mwokaji jina la Mama Mfuniko, na jina likamganda, mpaka watoto wake mwenyewe wakawa wanalitumia akiwa hayupo.

Mume wake alioka mikate usiku. Watu wanataka mkate wa moto asubuhi, kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye wenzake wakilala yeye anakanda. Alirudi nyumbani jua limeshachomoza, unga umemkaa kwenye nyusi, akaoga, akanywa chai, akaingia chumbani na kuvuta pazia. Hakuchukua dakika alikuwa amelala fofofo. Halafu pale usingizi ulipokuwa umemkolea hasa, mfuniko ukalia.

Wala usidhani mama huyu alikuwa mkorofi. Hata kidogo. Yeye alikulia kwenye nyumba ambayo baba alikula peke yake chumbani, mlango umefungwa, kisha sahani ikarudishwa jikoni na mtoto bila neno. Baba huyo alipokufa, binti aligundua kwamba hajui hata baba yake alipenda mboga gani, wala alicheka vipi akiwa ameshiba. Jambo hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe. Akaapa kwamba siku akipata nyumba yake, hakuna atakayekula peke yake ndani yake. Nyumba akaipata, mume mpole akampata, na kiapo akakigeuza sheria. Watoto walitoka shule saa saba kuja kula, kisha wakarudi kwenye masomo ya mchana. Basi saa saba ikawa saa ya wote, na mwokaji akawa mmoja wao.

Na aliamka, maskini. Alitoka chumbani macho mekundu, akanawa uso, akaketi mahali pake na kuuliza habari za shule. Siku nyingine alisinzia tonge likiwa safarini kwenda mdomoni, mkono umesimama hewani, watoto wakabana vicheko mpaka machozi yakawatoka. Mara moja binti yake alimchomoa lile tonge vidoleni akamwekea kipande cha kitunguu kibichi, naye akakitafuna hadi nusu ndipo akazinduka. Walivunjika mbavu nyumba nzima, yeye akicheka kuliko wote. Baada ya kula alirudi kitandani, lakini hakupata tena zaidi ya lepe moja au mawili. Mwanga umeshamwingia machoni, mtaa umechangamka, na jioni nayo haikukawia kuja kumpeleka kazini.

Kuomba aliomba mara moja tu. Watoto walikuwa bado wadogo. Aliegemea mlango wa jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama watoto, leo niacheni nilale kidogo. Mtanibakishia."

Basi Mama Mfuniko akanuna. Hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alimbakishia chakula, akakifunika vizuri, kisha akakaa siku kadhaa anamjibu neno mojamoja na kumwekea kikombe cha chai mezani kwa kishindo. Mfuniko ulipolia tena, mwokaji alitoka chumbani karibu anakimbia, akakaa, akasifia mchuzi kabla hajauonja. Hakuomba tena. Mkewe alilihesabu hilo kuwa ushindi, na kwa shoga yake wa cherehani akatamba kwamba mume akipewa mafunzo mapema hasumbui.

Watoto walikua, wakaondoka. Kijana alikwenda kuendesha malori mbali, binti akaolewa na kufungua saluni mtaa wa pili. Mfuniko haukustaafu. Mezani walibaki wawili, lakini mama alisema wawili pia ni watu.

Kisha mikate ya ajabu ikaanza kutoka kule bekari. Wa kwanza ulikuwa na chumvi ya kutosha kukaushia samaki, wenzake wakacheka naye. Halafu donge la usiku mzima halikuumuka kwa sababu halikutiwa hamira, na mwokaji aliapa mbele yao kwamba ameitia kwa mkono wake huu. Mwisho trei ziliungulia ndani ya tanuri mpaka moshi ukajaa, naye amesimama palepale mbele yake na koleo lake refu la mbao la kutolea mikate, akilitazama kana kwamba kuna mtu amemwomba amshikie. Mwenye bekari alikuwa muungwana. Alimpa mkono, akamshukuru, akamwambia akapumzike.

Nyumbani alibaki mpole kama zamani, ila mambo yalikuwa yanamtoka. Alisahau njia ya kwenda kwa kinyozi. Alisahau jina la mjukuu wake, akawa anamwita "wewe mrembo" ili asiumbuke, na mtoto akafurahi asijue. Mwili wake ulikuwa bado uko bekari: usiku macho makavu, asubuhi analala. Saa saba mfuniko ulilia, akaamka kama kawaida. Binti ndiye aliyesema waende hospitali.

Daktari wa ubongo alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani na sauti isiyo na haraka. Alimwambia mwokaji achore uso wa saa, akamtajia maneno machache na kumwomba ayarudie. Mwokaji alijibu kwa adabu, akakosea kwa adabu. Muuguzi alipomchukua kwenda kupigwa picha ya kichwa, daktari alibaki chumbani na mama na binti.

"Usingizi wake ukoje?" aliuliza.

Mama Mfuniko akajiweka sawa kitini, maana hapa palikuwa na jambo analolijua. Akaeleza kazi ya usiku, pazia, mfuniko na chakula cha pamoja. Alieleza kwa kujivuna kidogo, hata akaonyesha kwa mkono jinsi anavyogonga. "Sijawahi kumwacha ale peke yake, daktari," alisema. "Mara moja tu, na haikurudiwa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, nikwambie usingizi unafanya kazi gani kichwani?"

"Niambie, mwanangu."

"Ubongo unafanya kazi kutwa, na kazi yoyote inaacha taka, kama jikoni. Mtu akiwa macho ni kama bado kunapikwa, huwezi kufagia vizuri. Akilala, hasa ule usingizi mzito, maji yanayozunguka ubongo yanapita katikati ya chembe zake, yanazizoa taka na kuzitoa nje. Watafiti bado wanalichunguza jambo hili, hawajalimaliza. Lakini baadhi ya taka hizo ndizo tunazozikuta zimerundikana kwenye ubongo wa watu wenye maradhi ya kusahau."

Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. "Na akiamshwa katikati?"

"Akiamshwa siku mojamoja, si neno. Lakini usingizi ukikatwa kila siku, kwa miaka mingi, ile kazi ya kusafisha inaishia nusunusu. Na anayelala mchana usingizi wake tangu mwanzo ni wa shida. Kuna mwanga, kuna kelele."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo, mama. Kuna umri, kuna presha, kuna mambo ya kurithi, kuna hiyo kazi yenyewe ya usiku. Wako waliolala vizuri maisha yao yote na bado wameugua. Hakuna wa kukunyooshea kidole."

"Lakini huwezi kusema si mimi."

Daktari alivua miwani akaishika. Angeweza kumpoza kwa uongo mdogo, na wengi wangempoza. "Hilo nalo siwezi kulisema," alijibu.

Kisha akasema la kufanya. Kwa sasa usingizi mkubwa wa mzee ulikuwa wa asubuhi mpaka alasiri, basi usikatwe, aamke mwenyewe. Baadaye wangeusogeza polepole mpaka uhamie usiku, lakini waanze na hilo. "Hautamrudishia alichopoteza," alisema. "Unaweza tu kumsaidia akae zaidi na hicho alichobaki nacho."

Walitoka, mwokaji akiwa katikati yao, anawasalimia watu wote waliokaa kwenye mabenchi kana kwamba ni wateja wake. Nje ya geti alisimama kutazama mtu anayepaka ukuta rangi. Binti akapata nafasi ya kumsogelea mama yake.

"Mama, hukujua."

"Aliniomba."

"Nani?"

"Baba yako. Aliniomba nimwache alale. Mimi nikamnunia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Unakumbuka siku zake za mapumziko, akitukandia mkate nyumbani? Akilifunika donge kwa kitambaa, na nyinyi mnakuja kufunua mnachungulia?"

"Alikuwa anatupiga vidoleni."

"Alikuwa anasema liacheni, humo ndani kazi inafanyika. Alisema hivyo miaka yote, na mimi nimesimama palepale jikoni kwangu, nasikia. Masikio ninayo."

Binti alimtazama baba yake pale ukutani. Kisha akasema, "Na mimi nilimwekea kitunguu," na wote wawili nusura wacheke, lakini kicheko hakikutoka.

Kesho yake saa saba ilimkuta Mama Mfuniko amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkono huu, mfuniko mkono huu. Mkono ulitaka kugonga wenyewe. Alirudi ndani akauweka mfuniko kwenye sufuria taratibu sana, kama mwizi. Haikupita kitambo uso wa fundi cherehani ukatokea juu ya uzio.

"Shoga, kulikoni? Nimekosa hata pa kujulia saa ya kula."

"Amelala."

"Si siku zote huwa amelala?"

"Hapana," alisema mama. "Siku zote alikuwa anajaribu."

Alijipakulia, akala peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kula peke yake tangu aolewe, na chakula kilimgeukia mdomoni kikawa udongo. Alimaliza kwa kujikaza kisabuni, akaosha sahani, akafuta meza, akakaa anatazama mlango wa chumbani. Kulikuwa kimya mle ndani. Kimya kile kilimtisha, akaenda mara mbili kuchungulia mlangoni kama anapumua.

Alasiri mlango ulifunguka wenyewe. Mwokaji alitoka uso umetulia, ule weusi wa chini ya macho umepungua, na mkewe alipomwona moyo ulimruka kwa furaha. Furaha haikukaa. Mwokaji alikuwa ameiona meza imefutwa.

"Mmeshakula?" aliuliza.

"Nimekula mimi. Chako kipo, nimekufunikia."

"Sikusikia mfuniko."

"Sikugonga, baba watoto. Daktari amesema ulale."

Alisimama pale mlangoni, mtu mzima na mvi zake, anapepesa macho. Maneno ya daktari hayakuwa na pa kushika kichwani mwake. Alichokuwa nacho ni kwamba watu wamekula na yeye hakuitwa. "Nimekosa nini?" aliuliza.

"Hujakosa kitu. Njoo ukae."

Alikaa. Mkewe akampakulia, akakaa karibu yake. Mwokaji alikata tonge, akalishika, akamtazama. "Na wewe?"

"Mimi nimeshiba."

Akalirudisha tonge kwenye sahani. "Basi na mimi nimeshiba," alisema, na hakukuwa na namna ya kumbembeleza.

Mama Mfuniko alikwenda kulia bafuni, bomba limefunguliwa ili asisikike. Miaka yote alimkatia mtu usingizi kwa kumpenda, na leo amempa usingizi wake, mtu ameuona kuwa adhabu. Alijiona amemharibia mumewe mara mbili kwa mkono uleule, na hakuona mlango wa tatu uko wapi.

Mlango wa tatu ulikuwa jikoni. Kesho yake alifagia, akafua, akachambua mchele, na saa saba ilipofika jiko lilikuwa baridi. Alikuwa na njaa, ikamkwangua vizuri, akaiacha imkwangue. Jua lilipoanza kupunguza ukali ndipo akawasha moto. Alimtumia binti ujumbe, na binti akafunga saluni mapema, akampitia mwanawe shuleni, wakaja wote wawili, mtoto bado na sare na begi mgongoni.

"Mbona leo tunakula saa hizi, Bibi?" mtoto aliuliza.

"Tunamsubiri Babu."

"Si ukamgongee?"

"Sigongi," alisema bibi yake. "Mpaka aamke mwenyewe."

Chakula kiliiva, kikakaa. Wakamsikia mwokaji anageuka kitandani, kisha akajinyoosha na kupiga mwayo mrefu, kisha maji yakamwagika kwenye beseni anaponawa uso. Hapo tu, mtu ameshaamka na kuvaa shati, Mama Mfuniko alichukua mfuniko wake akaugonga mara tatu, polepole.

Mwokaji alitokea mlangoni anatabasamu. Akaona meza imejaa watu. Akaketi mahali pake, akamtazama mtoto mwenye sare akamuuliza habari za shule, akimwita kwa jina la binti yake, na binti akamkonyeza mwanawe aitikie. Mtoto akaitikia vizuri tu. Wakaanza kula.

Mkono wake haukusimama hewani hata mara moja. Alikula kwa utulivu, tonge baada ya tonge, akachagua vipande vidogo vya nyama akavisogeza upande wa mtoto. Akishatafuna alifumba mdomo na kutikisa kichwa kidogo kana kwamba anakubaliana na mtu. Mkewe alisahau sahani yake akawa anamtazama. Alikuwa amekula na mtu huyu tangu ujana wao, na hakuwahi kumwona akitikisa kichwa hivyo. Miaka yote alikuwa akila na mtu mwenye usingizi. Mtu ambaye mama huyu aliapa atamjua, kwa jinsi alivyoshindwa kumjua baba yake, ndiye huyu aliyekaa hapa leo, na sasa ndiyo anaondoka kidogo kidogo.

"Mama watoto," alisema mwokaji. Alikuwa ameshusha sauti, na macho yake yalikuwa kwenye mfuniko, hayakuwa kwa mkewe. "Nilikuwa na neno nataka kukwambia."

"Sema."

"Hiki chakula. Kwa nini tusikisogeze saa hizi? Watoto wametoka shule, mimi nimeshalala, wote tupo." Alikuna kidevu. "Nimelifikiria toka juzi, nikawa naogopa kulisema. Lakini usinune."

Binti aliinamisha kichwa juu ya sahani yake. Kumbe neno lenyewe lilikuwa hilo. Lilikaa ndani ya mtu huyu tangu watoto wake wakiwa na sare kama hii, likamngoja mkewe aache kununa, na mengine yote yalipomtoka lenyewe likabaki. Kitu kilichotakiwa kusogezwa kilikuwa sufuria. Ingechukua siku moja, na kuni za kuwasha moto baadaye kidogo.

"Sinuni," alisema Mama Mfuniko. "Tutakisogeza."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia kesho, baba watoto."

Mwokaji alishusha pumzi, kama alivyozishusha zamani akitua gunia la unga. Alirudia kula. Baada ya matonge mawili matatu akakumbuka jambo, akainua kidole.

"Basi waambie na watoto mapema," alisema. "Wasije wakatoka shule mbio mchana, wakakuta jiko baridi."

Mama Mfuniko alimtazama binti yake, aliyekuwa anamfunga mwanawe kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, ili asiinue uso. Akasema atawaambia.